Kitunga cha mbegu na jua la mwezi wa ine

Mtu akiingia katika nyumba ya mama mkulima huku Buleusa wakati wa kulima, ataona kitunga cha mbegu karibu na moto, na ndani yake maharagi ya kila rangi: meusi, mekundu, ya manjano, meupe yenye madoa, makubwa na madogo pamoja. Mgeni anayetoka mjini atafikiri ni masalio ya soko yaliyokusanywa bila mpango. Hapana. Kile kitunga ni kazi ya koko zetu ya miaka mingi. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kama ndani yake muna kitu ambacho wenye elimu ya jeni wanakitafuta leo kwa mashini na kwa pesa nyingi: ginsi haragi linavyoweza kuvumilia jua.

Tunajua wengine watacheka. Jua gani huku kwetu, katika milima na pori la Walikale, kwenye mvua inanyesha karibu kila mwezi? Ni kweli. Lakini haragi halingoji mwaka mzima bila mvua ndipo life. Linapotoa maua, jua la majuma mawili ao matatu linatosha. Maua yanaanguka, na ganda linalobaki linakuwa na mbegu moja ao linakuwa tupu. Katika sezoni A, ile ya mwezi wa tisa, hatari ni kidogo. Sezoni B, tunayopanda mwezi wa pili ao wa tatu, njo inatusumbua: mvua ikikatika mwezi wa ine, kazi yote ya mama inaenda bure.

Tuanze mbali. Haragi si la kwetu. Lilitoka Amerika, na Waportugali walilileta Afrika kuanzia karne ya 16. Kule Amerika lilifugwa mara mbili, na watu wasiojuana: mara moja Meksiko, mara ingine katika milima ya Andes, upande wa Peru. Mbele ya watu kulifuga, maharagi ya pori ya pande hizo mbili yalikuwa yameachana tayari zaidi ya miaka 100,000. Kwa hiyo maharagi ni jamaa mbili. Ile ya Andes ina mbegu kubwa, na ndiyo tunayoipenda sana huku Kivu, inajaza sahani. Ile ya Meksiko ina mbegu ndogo, na wengi wanaidharau. Kumbe uvumilivu wa jua uko zaidi katika jamaa hiyo ndogo, sana sana katika maharagi ya Durango, kaskazini ya Meksiko, kwenye nchi ya juu na kavu. Katika kitunga cha Buleusa jamaa zote mbili zinalala pamoja.

Tena jambo hili wasomaji wengi hawalijui: neno lenyewe "jeni" lilizaliwa katika maharagi. Mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alichukua maharagi ya aina moja ya soko, akayapima uzito mbegu moja moja, akapanda kubwa peke yake na ndogo peke yake. Katika mchanganyiko, waliochagua mbegu kubwa walivuna kubwa. Lakini katika uzao wa mbegu moja tu, hata uchague kubwa namna gani, watoto walirudi sawasawa na wengine. Aliandika hayo mwaka 1903, na mwaka 1909 akatoa neno ambalo dunia yote inalitumia sasa. Maana yake ni nyepesi. Kuchagua kunafaa tu pale kuna tofauti za kuchagua. Mahali pote ni aina moja, jicho la mkulima halina kazi.

Ua la haragi linajizalisha lenyewe: poda ya kiume inaanguka kwenye sehemu ya kike mbele ya ua kufunguka vizuri. Njo maana maharagi meusi na ya manjano yanaweza kukaa katika shamba moja miaka makumi, na kila moja likabaki lenyewe, isipokuwa mara chache nyuki akiyachanganya. Koko hakusoma Johannsen, lakini alijua. Mwaka wa jua, meusi madogo yalizaa na makubwa yakakauka. Alichota mbegu katika yaliyopatikana. Mwaka wa mvua nyingi, makubwa yalirudi juu. Kitunga kilikuwa kinabadilika rangi kufuatana na mbingu, na hakuna mwaka nyumba ilikosa kabisa.

Njaa tulizosikia kwa wazee zinaonyesha uzito wa jambo. Ile ya 1943 na 1944, inayoitwa Ruzagayura, ilipiga Rwanda: jua refu, ugonjwa wa viazi, na juu yake madai ya serikali ya Wabeleji wakati wa vita ya dunia. Watu wengi walivuka kuja Kongo. Wakati huo serikali hiyo ilikuwa ikileta familia za Rwanda katika Masisi, kwa mpango ulioanza 1937 na kuisha 1955. Siasa ya mpango huo imeandikwa na wengine, na imetuumiza wote. Hapa tunasema tu kama hakuna mama anayehama bila kufunga mbegu katika kitambaa. Kwa hiyo kitunga cha leo hakina kabila moja.

Wabeleji nao walifanya utafiti. Taasisi yao ya kilimo, INEAC, ilianzishwa 1933, na kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu, kilikuja kuwa nyumba ya maharagi ya Kivu, ambayo INERA iliirithi. Kutoka Mulungu lilitoka haragi jeusi linaloitwa MLB 49-89A, ambalo linavumilia ugonjwa wa kuoza mizizi, na watafiti wa Uganda walilitumia kama mzazi. Jina lake halina utamu, tunakubali, lakini mzizi uliooza haufikii unyevu, na haragi la namna hiyo linakufa kwa kiu hata udongo wa chini ukiwa na maji.

Juu ya mizizi, jaribio moja linatupendeza kupita yote. Katika miaka ya 1980, watafiti wa CIAT, kituo kilicho karibu na Cali katika Kolombia, walifanya grefe, sawa vile sisi tunafanya kwa avoka: kichwa cha haragi moja juu ya mizizi ya lingine. Walikuta kinachoamua mavuno wakati wa jua ni mizizi kuliko kichwa. Maharagi kama BAT 477 yalishuka karibu metre 1.3 katika udongo. Yale dhaifu yaliishia karibu 0.8. Hiyo nusu metre ndiyo tofauti kati ya kula na kulala njaa.

Lakini mizizi haitoshi, na hapa wanasayansi wenyewe walichoka kutafuta jeni moja ya jua. Hakuna. Kuna maharagi yanayokimbia jua kwa kukomaa upesi. Kuna yanayofunga matundu ya majani ili maji yasitoke. Kuna mengine ambayo, jua likikaza, yanaondoa chakula katika majani na shina na kukipeleka chote katika mbegu, wakati ndugu zao wanabaki na majani mazuri na maganda matupu. Kila tabia inashikwa na jeni nyingi, kila moja ikisaidia kidogo. Mwaka 2014 kitabu kizima cha jeni za haragi kilisomwa, kromosomu 11 na jeni karibu 27,000, kwa kutumia haragi moja la Andes lililotoka Peru. Kusoma kitabu ni kitu kimoja. Kujua sentensi gani inazuia maua kuanguka mwezi wa ine ni kitu kingine.

Kule Rubona, Rwanda, kuanzia 1988, watafiti waliita wamama wenye ujuzi waingie katika mashamba ya kituo na kuchagua wenyewe kati ya maharagi yaliyokuwa bado kujaribiwa. Waliyoyachagua yalizaa vizuri nyumbani kwao. Tunataja hayo sababu bado tunakutana na maagronomu wanaomwambia mama atupe mchanganyiko wake.

Vita vilivyoanza Ntoto mwezi wa tatu 1993 vilienea Walikale na Masisi, na tangu hapo watu wetu wamekimbia mara nyingi kupita hesabu. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, habebi kitunga. Na anayelala porini majuma mawili anakula mbegu. Baadaye anapewa mfuko wa msaada, wenye haragi la rangi moja, zuri, safi. Tunashukuru. Lakini mwaka wa jua ukija juu ya haragi moja, shamba lote linajibu jibu moja.

Kisha 1994, mpango ulioitwa Seeds of Hope ulitayarisha mbegu za kurudisha Rwanda, na watafiti walishangaa kuona kama maharagi mengi hayakupotea: wakulima waliyapata tena kwa majirani na sokoni. Kwetu pia ni vile. Soko njo ghala yetu ya mbegu.

Na soko linabadilika. Mnunuzi wa Goma anataka rangi moja. Mchanganyiko anaushusha bei, sababu, anavyosema, haupiki sawasawa, na kwa hilo hasemi uongo. Basi tumeona wamama wanalima mashamba mawili: moja la maharagi ya manjano ya kuuza, karibu na njia, na kingine kishamba kidogo nyuma ya nyumba, kwenye mchanganyiko wa kula. Tuliuliza mmoja wao: jirani aliyerudi kutoka ukimbizini akikuomba mbegu, unamchotea wapi? Alifikiri kidogo. Akasema ya manjano anampimia kwa bakuli, sababu ni ya pesa. Ya nyuma ya nyumba anampa mkono mmoja tu, lakini anahakikisha meusi madogo yamo.