Kawawa wa Sinema na Njia Panda ya Makambako

Wengi tunamjua Rashidi Mfaume Kawawa kama Simba wa Vita, mtu aliyekalia kiti cha Waziri Mkuu Januari 1962 pale Mwalimu Nyerere alipokiacha. Kilichosahaulika ni kwamba miaka kumi hivi kabla ya siku ile, watu walikuwa wakimcheka kwenye kitambaa cheupe. Kijana huyu wa Songea, mzaliwa wa 1926, alikuwa mtumishi wa serikali upande wa ustawi wa jamii, na kazi ikamfikisha mbele ya kamera. Akawa mchezaji mkuu wa Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili kuhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Jina hilo lilikuja kuvaliwa tena na mchekeshaji wa runinga, na vijana wengi wanadhani ndiye wa kwanza kulivaa.

Muhogo Mchungu ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na Chalo Amerudi na Meli Inakwenda. Serikali ya kikoloni ilileta mafundi wa kampuni ya Johannesburg, ikatoa mada, na wachezaji wakawa wenyeji. Majina ya filamu hizo yanatosha kumwambia mtu wa Njombe zilihusu nini. Mwingine anaondoka, mwingine anarudi. Huku kwetu, nani hakuwa na babu au mjomba wa namna hiyo?

Kwa miaka mingi nyanda hizi za juu kusini, Njombe hadi Songea, zilikuwa ghala la nguvukazi. Wabena, Wapangwa na Wangoni waliandikishwa kwa mkataba, wakapelekwa Tanga na Morogoro kukata mkonge. Ndio manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya vibarua hao, SILABU, na wazee walilitaja jina hilo kama mtu anavyotaja ugonjwa. Kazi ya mshahara iliyo karibu na nyumbani ilianza kuonekana 1949, Waingereza walipoanzisha kampuni ya miwati pale Njombe.

Na hapa ndipo historia ya sinema na ya mkonge zinaposhikana mikono, jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza. Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, alipata wazo mwaka 1926 kwamba sinema shambani ingewafanya vibarua watulie na kuridhika. Kwa lugha ya leo, burudani ya kumzuia kibarua asitoroke. Wazo hilo likakua. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, Notcutt na wenzake walipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35. Zilihusu minyoo ya safura, kodi, kuweka akiba posta na kuuza mahindi. Mojawapo, Gumu, ilikuwa ya kijana anayekwenda mjini. Sauti ilikuwa kwenye santuri, nayo ilirekodiwa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikikuyu, Kiluo, Kiganda, Kinyanja na Kibemba, pamoja na nyingine chache. Kibena hakikuwamo. Gari lenye jenereta lilibeba filamu hizo kutoka nchi hadi nchi, na maonyesho yakawa usiku, uwanjani.

Kwa hiyo tamthilia ya jamii katika nchi hii ilizaliwa ikiwa onyo. Ukienda mjini utaumia, usipochimba choo utaugua. Baada ya uhuru mtoa onyo alibadilika, onyo likabaki palepale. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianza 1968, na katika Fimbo ya Mnyonge mhangaikaji wa mjini anapata utulivu katika kijiji cha ujamaa. Ulipokuja UKIMWI, ambao uchunguzi wa 2011–12 uliukuta Njombe kwa asilimia 14.8 ya watu wazima, juu ya mikoa yote, sinema ya kushauri ilipata kazi mpya.

Filamu iliyoacha kuonya na kuanza kuuliza ni Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, 1985. Mariamu anaumwa, hospitali imeshindwa, mume anamtaka aende kwa mganga, naye anaogopa kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hakuna bwana ustawi anayetokea mwishoni kusema nani kakosea. Ouagadougou, kwenye tamasha la FESPACO, wakaipa tuzo. Mulvihill na Martin Mhando wakaja na Maangamizi, akicheza Amandina Lihamba, na mwaka 2001 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Ya pili ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, miongo miwili baadaye.

Miongo miwili! Tujilinganishe na Manipur, jimbo la milimani la India mpakani na Myanmar, lenye lugha ambayo wasemaji wake hawafiki milioni mbili. Filamu yao ya kwanza ilitoka 1972. Miaka kumi baadaye Imagi Ningthem, ya mtoto na malezi yake, ilichukua tuzo kuu Nantes, Ufaransa. Sisi lugha yetu inavuka mipaka ya nchi kadhaa.

Tatizo letu naliona barabarani. Filamu yenye tuzo hupanda ndege, haipiti Makambako. Kilichopita Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ya Tunduma na reli ya TAZARA, ni kanda za Kihindi na za Hong Kong zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kina Lufufu, kisha filamu za Kariakoo baada ya filamu ya Girlfriend ya 2003. Ziliingia kwenye mabanda ya video na kwenye mabasi, bila cheti chochote, na watu wakalipa.

Arusi ya Mariamu ina dakika 36. Njombe hadi Makambako ni kilomita 60 hivi, saa nzima kwa basi kukiwa na ukungu wa Julai. Kondakta akiiweka wakati gari linatoka stendi ya Njombe, Mariamu atakuwa amefika kwa mganga na kutoka kabla abiria hawajaona taa za Makambako, na nusu ya basi watakuwa bado wanabishana alifanya sawa au la.