Kwa nini kituo kinaitwa Dampo

Konda akipaza sauti "Dampo wapo?" mimi hujibu "shusha" bila hata kuinua kichwa. Nimekulia Tabata, hilo jina kwangu ni kama Kimanga au Segerea, basi. Juzi kijana mmoja kwenye daladala, mwanafunzi wa chuo kwa jinsi alivyoonekana, akauliza kwa sauti: mbona hapa hakuna dampo lolote? Watu wakacheka. Hakuna aliyemjibu. Nami, mwandishi wa habari mzima, nikauchuna kama wengine kwa sababu nilikuwa najua nusunusu tu. Nikaona haya, nikaenda kusoma.

Jamani, kumbe dampo lilikuwepo. Na lilivyoondoka ni moja ya habari kubwa kabisa katika historia ya serikali za mitaa nchi hii.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 Dar es Salaam nzima ilikuwa na watu kama 272,000. Tabata ilikuwa pembeni ya mji, na halmashauri za kila nchi hutupa taka pembeni ya mji. Kisha likaja jambo ambalo wengi wa rika langu hatukufundishwa vizuri shuleni: kwa sera ya Madaraka Mikoani ya 1972, halmashauri zilifutwa. Shughuli za mji zikawa chini ya maofisa wa serikali waliopangiwa kazi mikoani na wilayani. Ukiwa na kero ya mfereji au jalala, huna diwani wa kumfuata. Matokeo yake miji ikaoza, na hapa sitafuti neno la adabu zaidi. Ukaja mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa 1977 na 1978, na mwaka huo huo wa 1978 sheria ikapitishwa ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili ya mamlaka za miji ikafuata mwaka 1982.

Halmashauri ya Jiji iliyorudi ilikuta mji mwingine. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,000 katika mkoa, na ile ya 1988 ikavuka milioni 1.36. Halmashauri hiyo moja ndiyo iliyobeba mkoa mzima, Ilala, Kinondoni na Temeke. Tabata nayo haikuwa tena pembeni. Watu wamejenga, wana familia, na dampo liko pale pale. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, aliniambia walikuwa wanafunga madirisha mchana kweupe, joto la Dar unalijua, kwa sababu ya moshi na inzi. Chakula unakula haraka haraka kama unaiba.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji. Tafakari kidogo huo mwaka. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini wananchi waliambiwa wasubiri miaka mitatu kabla ya kuweza kuzidai mahakamani, muda ambao uliisha Machi 1988. Nchi ina chama kimoja. Mtu kwenda mahakamani kuishtaki serikali ya mji wake kwa sababu ya harufu halikuwa jambo la kila siku.

Wakashinda. Mahakama ikaiamuru halmashauri iache kutupa taka Tabata na itafute eneo lisilodhuru watu. Hapo ungedhani habari imeisha. Wapi! Halmashauri ikaomba muda, ikapewa, taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 1991 ikarudi tena mahakamani kuomba iongezewe. Safari hii ikamkuta Jaji Lugakingira. Jaji alisema, kwa maneno ambayo mwanafunzi wa sheria nchini huyasoma hadi leo, kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakataa. Akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi: ukimvutisha mtu moshi wa taka kila siku, unagusa uhai wake. Nilivyosoma hapo nilisimama nikazunguka chumba.

Lakini taka za siku hiyo zilipelekwa wapi?

Kunduchi Mtongani. Nako wakazi wakafanya yale yale. Watu 795 wakafungua shauri mwaka huo huo wa 1991, na Mahakama Kuu, safari hii Jaji Rubama, ikaufuta uamuzi wa halmashauri. Kushindwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1992 malori yakageukia Vingunguti, jirani na bonde la Mto Msimbazi, na dampo likakaa huko hadi 2001. Likahamia Mtoni, Temeke, na kuanzia 2007 liko Pugu Kinyamwezi.

Hapa ndipo furaha yangu ya Tabata ilipoanza kupungua. Ushindi wetu ulikuwa halali kabisa, na ningekuwa mkubwa wakati ule ningesaini hati ya mashtaka. Ila ukiifuata njia ya malori kwenye ramani unaona mahakama iliiambia halmashauri mahali pa kutotupa, na halmashauri ikatii kwa kusogea mpaka kwa watu ambao walikuwa hawajaenda mahakamani. Vingunguti walipumua moshi ule ule karibu miaka kumi. Katiba yao ilikuwa na ibara ya 14 hiyo hiyo.

Kuna watu watasema tatizo lilikuwa uzembe wa madiwani, na ushahidi wanao. Mwanzoni mwa miaka ya 90 jiji lilizalisha tani kama 1,400 za taka kwa siku, na halmashauri ilikuwa inazoa chini ya asilimia 5. Dampo lenyewe, kumbe, lilipata kidogo tu, zilizobaki zilikuwa mitaani na kwenye mifereji. Mwaka 1996 serikali ikaivunja halmashauri na kuleta Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakubwa wetu wanaikumbuka Tume vizuri, kwamba mji ulianza kupendeza, kampuni binafsi na vikundi vya mitaa vikapewa kata za kuzoa taka. Sibishi. Linalonikera ni kwamba Tume haikuchaguliwa na mtu. Kama mji unakuwa msafi pale tu wananchi wanapokuwa hawana diwani, basi tuna mjadala mgumu. Halafu nakumbuka 1972 na kipindupindu, ambako pia hapakuwa na diwani, napata jibu la kutosha. Mwaka 2000 Tume ikaondoka, halmashauri zikarudi.

Tangu 2004 tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayompa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Taka ngumu imezikabidhi serikali za mitaa. Alichokisema jaji mwaka 1991 sasa kimo ndani ya sheria.

Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji. Pugu iko ndani ya Ilala, na dampo lake linapokea taka za manispaa nyingine pia. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 5.38 mkoa mzima.

Jumamosi nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, nikaunganisha mpaka Kinyamwezi. Harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Malori yamejipanga, vijana wanachambua chupa za plastiki, na nyumba zimelisogelea dampo kama zilivyolisogelea la kwetu. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza maji pembeni ya barabara kama amewahi kusikia kesi ya Tabata. Akacheka, akasema Tabata anaijua, dada yake anakaa huko, anashukia kituo cha Dampo.