Kura Tatu za Mwaka 1958

Mpiga kura wa Tanganyika aliyeingia kituoni Septemba 1958 hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja akarudi zake nyumbani. Sheria ilimtaka achague watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimpa kura Mwafrika peke yake na kuziacha nafasi mbili wazi, kura yake yote iliharibika. Utaratibu huo ndio uliojulikana kama kura tatu. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia na Waarabu wapatao laki moja, na Wazungu elfu 20 hivi, lakini kila kundi lilitengewa viti kumi vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mgawanyo wa namna hiyo hauelezeki kwa kanuni yoyote ya uwakilishi. Ulitokana na hofu, na ulikusudiwa kuilinda hofu hiyo isije ikapimwa hadharani. Hata hivyo uchaguzi uliofanyika chini yake ni miongoni mwa mifano bora tuliyo nayo katika Afrika Mashariki ya watu waliotishwa kutoka pande zote na bado wakachagua kwa hoja. Ninaamini jinsi walivyofika hapo inatufaa zaidi kuliko hotuba nyingi za siku hizi juu ya uchaguzi wa amani.

Hofu za wakati ule hazikuwa za kubuni, na ni lazima tuzitazame kwa heshima kabla ya kuzihukumu. Jirani, nchini Kenya, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na habari za uasi wa Mau Mau zilisomwa katika kila nyumba ya mlowezi kuanzia Arusha hadi Iringa. Gavana Edward Twining aliwaona TANU, chama kilichozaliwa Julai 1954, kama mbegu ya fujo ileile. Matawi yao yalinyimwa usajili katika wilaya kadhaa, na mwaka 1957 kiongozi wao, Julius Nyerere, alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1956 kilianzishwa chama cha UTP, kwa baraka za Gavana huyo, kuhubiri siasa ya mseto: kila rangi na fungu lake, Waafrika wasubiri. Waasia, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na watumishi, walijiuliza duka na kazi vitakuwa vya nani siku bendera ya Uingereza itakapoteremshwa. Waafrika nao walikuwa na yao. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, hadi mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akaenda New York mwaka 1952 kuishtaki Serikali mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1953 Rhodesia mbili na Nyasaland ziliunganishwa kuwa shirikisho lililotawaliwa na Wazungu wachache kwa maneno matamu ya ushirikiano wa rangi. Mwafrika aliyesikia neno mseto hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini alitilie shaka.

Kwa hiyo Mkutano wa Mwaka wa TANU ulipokutana Tabora Januari 1958, hoja ya kususia uchaguzi ilikuwa na nguvu kubwa. Masharti ya kupiga kura yalikuwa ya kudhalilisha: uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na Serikali. Wanawake wa Dar es Salaam walioingizwa chamani kwa maelfu na Bibi Titi Mohamed kupitia vikundi vyao vya ngoma, ambao bila wao TANU ingebaki chama cha makarani, wengi hawakuwa na sifa hata moja kati ya hizo. Waliokijenga chama wangebaki nje wakiwatazama wachache wakiwachagulia, tena wakilazimishwa na sheria kuwapa kura Wazungu na Waasia. Nyerere alijibu kwamba kususia ni kuwaachia UTP baraza zima, kisha baraza hilo litumike kama ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika imekubali mseto. Mjadala ulikuwa mkali, lakini mwishowe wajumbe waliamua kuingia. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakuridhika. Alijitoa akaunda African National Congress, chama kilichosema wazi kwamba Afrika ni ya Waafrika na wengine ni wageni. Uamuzi wa Tabora unakumbukwa hadi leo kwa jina la Uamuzi wa Busara, na kwa kawaida unasifiwa kama ujanja wa kisiasa. Mimi nauona kuwa ni zaidi ya hapo.

Fikiria sheria ile ilifanya nini ndani ya chumba cha kupigia kura. Ilitungwa ili rangi iwe msingi wa siasa, lakini kwa kuipa kila rangi nafasi yake katika kura, iliiondolea rangi uwezo wote wa kumsaidia mpiga kura kuamua. Katika nafasi ya Mzungu, wagombea wote walikuwa Wazungu. Kumwogopa Mzungu hakukumsaidia mpiga kura hata kidogo kumpata yule anayemfaa. Kilichobaki kilikuwa ni kuwauliza: utaunga mkono serikali inayotokana na wengi? Unataka uhuru sasa au baada ya miaka mingi? Ubaguzi shuleni na hospitalini utaupinga? Maswali hayo yana majibu, na majibu yanaweza kukumbukwa na kudaiwa baadaye. Hapo ndipo penye tofauti ninayoitetea. Hoja ni jambo ambalo mgombea anaweza kulijibu, akashinda au akashindwa kwa jibu lake. Hofu ya asili ya mtu haijibiki, kwa sababu mtu hawezi kufanya lolote kuhusu wazazi waliomzaa. Mpiga kura anayeongozwa na hofu ya namna hiyo amejinyima mwenyewe nguvu ya kumhoji mgombea, na hata yule wa upande wake hana haja ya kumwahidi chochote.

Waliopatikana kwa njia hiyo walikuwa watu ambao hofu isingewaona kamwe. Derek Bryceson alikuwa mkulima wa Kizungu aliyewahi kuwa rubani wa vita. Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, alikuwa mjane mwenye shamba huko Nyanda za Juu Kusini. Sophia Mustafa, mzaliwa wa India, alisimama Jimbo la Kaskazini. Amir Jamal, mtoto wa mfanyabiashara, alikuwa ameshaikaribia TANU kabla haijawa salama kufanya hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuwa mwanachama wa TANU, kwa kuwa wakati huo chama kilipokea Waafrika tu, lakini waliiunga mkono kwenye swali kuu na TANU ikawaunga mkono. Wiki chache kabla ya awamu ya kwanza Nyerere alihukumiwa kwa kosa la kuwakashifu maofisa wa Serikali katika gazeti la chama, naye akalipa faini badala ya kwenda jela. Upigaji kura ulifanyika kwa utulivu. Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walitwaa karibu viti vyote 30 katika awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. UTP ikasambaratika, na Mtemvu hakufikisha hata kura mia moja. Oktoba 1958 Gavana mpya, Richard Turnbull, alitangaza kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika serikali ya nchi hii. Julai 1959 mawaziri watano wa kwanza waliotokana na uchaguzi wakateuliwa: Fundikira, Kahama, Eliufoo, Bryceson na Jamal.

Yapo mapingamizi, na baadhi ni mazito. La kwanza linasema kwamba wapiga kura wale hawakupima hoja yoyote. Waliambiwa na TANU wampe nani, wakatii. Ni kweli chama kilitoa maelekezo, na nidhamu yake ilikuwa kali. Lakini maelekezo hayo yalikwenda kinyume na kila kilichokuwa rahisi kuamini. Mtemvu aliwapa watu njia nyepesi, iliyolingana na machungu yao, nao wakaiacha. Mtu anayefuata ushauri mgumu wakati upo mwepesi karibu yake hawezi kuitwa bendera inayofuata upepo. Pingamizi la pili ni kwamba Waafrika wa Tanganyika walikuwa wengi mno kiasi kwamba ukarimu haukuwagharimu kitu. Nakubali kwamba wingi unarahisisha ukarimu. Unarahisisha pia kisasi, na historia ya karne ya 20 imejaa walio wengi waliochagua kisasi ingawa hawakutishiwa na yeyote.

Pingamizi la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi. Linasema hofu nayo ni maarifa: Mmeru aliyepoteza shamba ana haki ya kuwaogopa walowezi, na kumwambia asiogope ni kumwambia asahau. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hawakusema hivyo kwa kumcheka. Jibu langu ni kwamba simwombi asahau. Engare Nanyuki ni hoja kubwa, na inageuzwa kuwa swali bila kupungua uzito: mgombea, je, utapinga ardhi ya mkulima kutwaliwa bila ridhaa yake? Bryceson anaweza kuulizwa hivyo, na chifu Mwafrika anayeshirikiana na Serikali anaweza kuulizwa hivyo pia. Hofu inapogeuka kuwa swali, inawapima wote kwa kipimo kimoja. Inapoachwa kama ilivyo, inampa Mwafrika yeyote uaminifu asioustahili na kumnyima mwingine nafasi ya kuuthibitisha wake.

Ng'ambo ya bahari, katika miaka hiyohiyo, Unguja na Pemba zilipita njia nyingine, na gharama yake inajulikana. Vyama vikuu, ASP na ZNP, vilikuwa na mambo ya kubishania: ardhi, elimu, ajira, uhuru uje lini na kwa mpango gani. Lakini majukwaani hoja hizo zilimezwa na swali la nani atakuwa bwana wa nani. Upande mmoja ulionya kwamba utumwa utarudi, mwingine kwamba wabara wataimeza nchi na dini yake. Historia ya utumwa ilikuwa kweli, na hofu ya kumezwa nayo ilikuwa na chanzo chake. Januari 1961 ASP walipata viti 10, ZNP 9 na chama kidogo cha ZPPP 3, baraza likakwama. Juni uchaguzi ukarudiwa, na watu 68 wakauawa katika ghasia zake. Julai 1963 ASP walipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na matokeo hayo yakachukuliwa na wengi kuwa ushahidi wa kila walichokuwa wakiogopa. Januari 1964 yakaja Mapinduzi na umwagaji damu wake. Sisemi kwamba maneno ya kampeni peke yake ndiyo yaliyofikisha visiwa hapo. Umilikaji wa ardhi na sera za Mwingereza vina sehemu yake. Lakini kampeni zile ziliwafundisha majirani kutazamana kama maadui miaka saba mfululizo.

Wala Tanganyika haikubaki kileleni ilipofika. Uchaguzi wa 1960 uliondoa kura tatu, TANU wakatwaa viti 70 kati ya 71, na wagombea 58 walipita bila kupingwa. Pasipo mpinzani hakuna anayeulizwa swali. Oktoba 1961, bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi, na Nyerere alitishia kujiuzulu ndipo muswada usio na ubaguzi ukapita. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na hoja ya umoja wa taifa, iliyokuwa dawa ya hofu, ikaanza yenyewe kutumika kuwatia hofu wapinzani. Mtemvu aligombea urais mwaka huo akapata kura elfu 21 na ushei dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Nyerere. Nadhani nchi ingekuwa na afya bora kama angeendelea kugombea na kushindwa kwa hoja kwa miaka mingine ishirini. Alikosea sana, lakini mtu anayekosea hadharani huwalazimisha wengine kutoa sababu zao.

Limebaki pingamizi moja, kwamba wapiga kura wa 1958 hawakufika elfu 60, wengi wao wasomi na wenye vipato, hivyo hawatuambii chochote kuhusu mwananchi wa kawaida. Jibu lilikuja Septemba 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja uliompa kila mtu mzima haki ya kupiga kura. Wagombea walikuwa wawili karibu katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na kampeni za rangi, kabila au dini zilikatazwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, aligombea Mwanza kwao, miongoni mwa Wasukuma wenzake, akashindwa. Bryceson aligombea Dar es Salaam na Jamal akagombea Morogoro, kila mmoja dhidi ya mpinzani Mwafrika, mbele ya wakulima, wachuuzi na wanawake ambao mwaka 1958 hawakuruhusiwa hata kuingia kituoni. Wote wawili walishinda kwa kura nyingi, na Jamal ndiye aliyeshika Wizara ya Fedha.