Vigezo na Masharti ya Kutoka Manila

Chukua mfano wa wanandoa wawili: mume Mkenya mwenye kazi Doha, mke Mfilipino mzaliwa wa Cebu. Wamefunga ndoa kwao mke, na sasa wanaondoka pamoja kwa mara ya kwanza. Wakishakabidhi mabegi katika uwanja wa ndege wa Manila, wanaingia ukumbi wa uhamiaji na vibao vinawatenganisha: wageni foleni hii, wenye pasipoti ya Ufilipino foleni ile. Muda si mrefu mume ameshagongewa muhuri, anasubiri upande wa pili wa vizimba huku akitazama saa. Mke bado anahojiwa. Mlikutana wapi? Unakwenda kukaa muda gani? Cheti cha ushauri nasaha kiko wapi?

Mambo yote ambayo mke huyu anatakiwa kuyatimiza huitwa kwa Kiingereza “exit requirements”. Mtu anayetaka kumweleza ndugu yake kwa Kiswahili atajikuta na maneno matatu mkononi: kibali cha kutoka, viza ya kutoka, mahitaji ya kutoka. Hakuna hata moja linalokaa sawasawa.

“Mahitaji” ni neno la jikoni na la bajeti, la chumvi, sukari na mafuta ya taa. “Viza ya kutoka” inawakumbusha Waswahili walioishi Ghuba jambo jingine kabisa. Qatar, kwa mfano, kwa miaka mingi mfanyakazi mgeni hakuweza kuvuka mpaka bila ridhaa ya mwajiri wake; sheria ya 2018 iliwaondolea wengi kifungo hicho, na Januari 2020 unafuu ukawafikia hata wafanyakazi wa majumbani. Pale kweli kulikuwa na mtu mwenye kutoa au kunyima. “Kibali” nacho kinabeba maana hiyo hiyo, kwamba haki si yako mpaka mwenye mamlaka akupe. Katiba ya Ufilipino ya 1987 haisemi hivyo. Inamhakikishia raia haki ya kusafiri, na kuruhusu izuiwe tu kwa ajili ya usalama wa taifa, usalama wa umma au afya ya umma, tena kwa mujibu wa sheria.

Neno linalofaa liko karibu zaidi ya tunavyodhani. Kila anayesikiliza redio Tanzania analijua, maana hufungia matangazo ya bahati nasibu na ofa za simu: vigezo na masharti kuzingatiwa. Husemwa haraka, kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa msafiri wa Manila ni vitu viwili, na anayevichanganya ndiye anayeachwa na ndege. Masharti ni yale unayoweza kuyatimiza nyumbani wiki kadhaa kabla. Vigezo ni vipimo anavyovitumia ofisa uhamiaji akiwa amekukazia macho.

Tuanze na masharti. Kubwa kuliko yote kwa mwenye mwenzi wa kigeni ni la Tume ya Wafilipino Walio Ng'ambo, CFO, iliyoundwa kwa sheria ya 1980. Mfilipino anayekwenda ng'ambo kuolewa, kuoa, au kuishi na mume, mke au mchumba mgeni hutakiwa kwanza kupita katika kikao cha ushauri nasaha cha tume hiyo. Huko huulizwa uhusiano ulianzaje na anamjua mwenzake kwa kiasi gani. Huelezwa pia haki zake na mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. Tume ndiyo iliyoanzisha hata simu ya msaada dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, namba 1343. Zamani aliyemaliza alibandikiwa stika kwenye pasipoti. Siku hizi hupewa cheti cha kidijitali chenye msimbo wa QR.

Kuna pia kodi ya safari, ambayo kwa miaka mingi imekuwa peso 1,620 kwa abiria wa daraja la kawaida na 2,700 kwa daraja la kwanza. Raia hulipa, mgeni aliyekuja kutembea kwa muda mfupi halipi. Ndiyo maana mume aliyekata tiketi mbili za bei moja hushangaa kuona mkewe anaelekezwa kwenye dirisha jingine la malipo.

Sharti la ushauri lina historia yenye uchungu. Mwaka 1990 Ufilipino ilitunga Sheria ya Jamhuri namba 6955 kupiga marufuku biashara ya kuwaunganisha wanawake na wanaume wa kigeni kwa orodha na picha za posta, kana kwamba mtu ni bidhaa ya kuagiza. Mwaka 2016 sheria hiyo ikafutwa na nyingine, namba 10906, yenye badiliko ambalo mpenda lugha hawezi kulipita: mahali pa “bibi harusi” pakawekwa neno la jumla, ili na wanaume walindwe. Kwa Kiingereza iliwabidi kubadili jina la sheria. Kwa Kiswahili “mwenzi” halina jinsia tangu hapo, na Kitagalog kina neno linalolingana nalo kabisa, “asawa”, ambalo ni mume na ni mke. Basi anayetafsiri fomu hizi asihangaike na “mke au mume”. Aandike mwenzi, na kwa wasiooana bado aandike mchumba, maana mbele ya tume kila hali ina nyaraka zake.

Upande wa vigezo ndiko kwenye machozi. Sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, namba 9208 ya 2003, ilizaa baraza la taasisi mbalimbali, na baraza likatoa miongozo ya ukaguzi wa wanaoondoka. Kwa miongozo ya 2015, ofisa wa kwanza hutazama pasipoti, viza, tiketi ya kurudi, na kupima umri, elimu na uwezo wa kifedha wa msafiri. Akitia shaka, msafiri hupelekwa kwenye ukaguzi wa pili, akajaze fomu na kuhojiwa upya. Mwenye mwenzi wa kigeni asiye na cheti cha CFO hupelekwa huko moja kwa moja.

Kigezo kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu tafsiri mbaya inaweza kumkosesha mtu safari. Msafiri anayelipiwa na mtu mwingine hutakiwa kuwa na hati ya kiapo ya mfadhili, na mfadhili awe na uhusiano naye usiozidi daraja la nne, wa damu au wa ndoa. Mswahili ataandika “ndugu” bila kusita. Lakini ndugu wa Kiswahili hana ukomo: ni mtoto wa mama, ni mjukuu wa shangazi, ni jirani mliyekua pamoja. Kwa hesabu ya sheria zao, mzazi ni daraja la kwanza, kaka na dada la pili, mjomba na shangazi la tatu, binamu la nne, na hapo mlango unafungwa. Mpenzi ambaye hamjaoana hayumo kwenye hesabu hiyo hata mkiwa mmeishi nyumba moja miaka kumi. Tafsiri ya haki ni “jamaa hadi daraja la binamu”. Ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu.

Anayeshindwa kuvuka vigezo hivi, Wafilipino husema “na-offload”. Ni kitenzi cha Kiingereza cha kupakua shehena, kimevikwa kiambishi cha Kitagalog, na sasa kinatumika kwa binadamu. Idara ya Uhamiaji yenyewe hupendelea kusema kuondoka kwake kumeahirishwa. Kiswahili kina “kushushwa”, lenye picha ya konda anayemshusha abiria njiani na furushi lake, na aibu ile inafanana. Hata hivyo, aliyekwama kwenye kizimba cha uhamiaji hakuwahi kupanda. Lililoshushwa ni begi lake tu. Na “kuahirishwa” ni upole usiostahili, kwa sababu ndege haimsubiri wala nauli hairudi kwa urahisi. Kuzuiwa kuondoka: hilo ndilo lililotokea, na ndilo la kuandika.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika takwimu zilizotajwa mbele ya Seneti ya Ufilipino. Mwaka 2022 wasafiri 32,404 walizuiwa kuondoka, na waliothibitika kuwa waathirika wa usafirishaji haramu au wa ajira za ulaghai walikuwa 472. Hao hawafiki wawili katika kila mia. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia habari ya msafiri aliyeulizwa kama amebeba kitabu cha kumbukumbu cha mahafali ya shule yake. Alikosa ndege, na idara ikaomba radhi hadharani. Agosti mwaka huo miongozo mipya, yenye orodha ndefu zaidi ya nyaraka, ilitangazwa kuanza Septemba 3. Ikasimamishwa kabla ya siku hiyo, baada ya kelele za wananchi na maseneta.

Hata hivyo, hao 472 ni watu. Kambi za utapeli wa mtandaoni za Myanmar zimewameza Wafilipino, na zimewameza Wakenya na Waganda pia, kwa ahadi zile zile za kazi nzuri Thailand. Ofisa anayeuliza maswali ana sababu ya kuuliza. Kinacholalamikiwa ni kipimo kisichojulikana, ambacho leo ni cheti na kesho ni picha za shule.

Kuna mahali pamoja ambapo “kibali” linafaa, nalo linamhusu mgeni. Mume wetu wa Doha, kama angekaa Ufilipino miezi sita au zaidi kwa viza ya utalii, asingetoka bila cheti cha Idara ya Uhamiaji kinachothibitisha kwamba hana deni wala kesi. Aliyemaliza chuo Afrika Mashariki analijua zoezi hilo, la kuzunguka maktaba, bweni na ofisi ya uhasibu kukusanya saini. Cheti cha kutodaiwa. Hivyo ndani ya familia moja mgeni hudaiwa kibali, na mwenyeji hudaiwa vigezo na masharti.

Wakija kurudi, neno hubadilika tena. Mfilipino aliyekaa nje mwaka mzima au zaidi huitwa “balikbayan”: balik ni kurudi, bayan ni mji, ni nchi, ni kwetu. Sheria ya 1989, iliyoboreshwa 2002, humruhusu mwenzi wake wa kigeni aliyesafiri pamoja naye kuingia bila viza na kukaa mwaka mmoja, isipokuwa raia wa nchi zilizowekewa zuio. Safari hiyo inafaa mume asikimbilie foleni ya wageni peke yake. Asimame kando ya mkewe, maana muhuri wa mwaka mmoja anaupata kwa kuwa wamefika wote wawili.