Hisabati-jamii: Fundi Anapoitwa Darasani

Mwaka 1984, wataalamu wa elimu ya hisabati kutoka pande zote za dunia walikutana Adelaide, Australia. Mmoja wa waliohutubia alikuwa Ubiratan D'Ambrosio, mwanahisabati wa Brazil, na hoja yake ilikuwa nzito: hisabati haizaliwi vyuoni peke yake. Maseremala, wahandisi, watu wa kabila moja, hata watoto wa rika moja, kila kundi lina namna yake ya kuhesabu, kupima, kupanga na kukisia. Maarifa hayo aliyaita ethnomathematiki, jina alilolijenga kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya watu, kuelewa, na ufundi.

Kwa Kiswahili tuyaiteje? Kulitohoa jina lenyewe inawezekana, ila mwalimu wa darasa la nne atakayelikuta atabaki pale pale alipokuwa. "Hisabati ya jadi" inaeleweka haraka, lakini inapotosha, kwa maana inayafungia maarifa haya katika zama zilizopita, ilhali D'Ambrosio aliwahesabu wahandisi wa leo pamoja na wengine wote. "Hisabati ya kienyeji" ndiyo mbaya zaidi: inaleta picha ya kitu duni kinachosubiri cha kisasa kije kukiondoa. Linalofaa ni hisabati-jamii. Wasomaji wamekwisha kuzoea isimujamii, na muundo ni ule ule. Tena neno jamii linamwelekeza mwalimu mahali pa kutafuta: nje ya uzio wa shule, kwa watu wenye ujuzi huo.

Aliyeonyesha kwa vitendo jinsi utafutaji huo unavyowezekana barani Afrika ni Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014. Alichunguza ususi wa vikapu na mikoba, ikiwemo sipatsi ya Inhambane, na akaandika mengi kuhusu sona, michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola. Mzee husawazisha mchanga, huchoma nukta kwa ncha za vidole zikae safu kwa safu, kisha huchora mstari unaozizunguka nukta zile bila kuzigusa, huku akisimulia hadithi. Mkono hautakiwi kusitasita.

Hapo mtoto wa shule ya msingi ana kazi ya kufanya. Chukua aina moja ya michoro hiyo, ile ambayo mstari hupita mshazari kati ya nukta na kugeuka kila unapofika ukingoni. Weka safu 2 zenye nukta 3 kila moja: mstari mmoja tu unazizunguka zote na kurudi ulikoanzia. Weka safu 3 za nukta 3, mstari mmoja hautoshi, inahitajika 3. Safu 4 za nukta 6 zinataka mistari 2. Watoto wakijaribu vipimo vingine na kuandika majibu yao kwenye jedwali, watagundua wenyewe kwamba idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba zile mbili. Ile KKS ambayo wengi huikariri ubaoni bila kujua inamfaa nani, hapa wanaifikia kwa kidole na mchanga. Hii ndiyo hisabati bunifu: mtoto anatafuta kanuni kabla hajapewa.

Pwani yetu haina haja ya kuazima kila kitu Angola. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mchezo unapoanza, 6 hukaa kwenye shimo liitwalo nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata, na 22 husalia mkononi. Upande wa kila mchezaji ni mzunguko wa mashimo 16, kwa hiyo ukizisambaza kete 16 moja moja, ya mwisho itaangukia shimo lile lile ulikozichota. Na zikiwa 19? Mzee wa barazani anajua jibu kabla hajanyanyua mkono, na hajawahi kuambiwa kwamba anafanya hesabu ya masalio. Akiombwa aje shuleni asubuhi moja, akae mkekani na watoto na kuwaeleza anavyoona mbele, darasa litapata mwalimu ambaye chuo hakimtoi.

Vivyo hivyo kwa bibi anayesuka ukili. Rangi anazozipanga hujirudia kwa hesabu, na akikosea ukindu mmoja nakshi nzima inapotoka. Mvuvi anapima kamba kwa pima, na pima moja ni mikono 4, na mkono mmoja ni shibiri 2. Watoto wakipima ubao kwa shibiri zao, majibu yatatofautiana, na ubishi utakaozuka ndio somo lenyewe la vipimo sanifu.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017, unataka wazazi na jamii washirikishwe katika ujifunzaji. Mlango uko wazi. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni namna ya kushirikisha: mzazi anaitwa kuchanga fedha au kusikiliza matokeo, na fundi akija anaonyeshwa kama kitu cha maonyesho, anapigiwa makofi, anaondoka. Hisabati-jamii inadai zaidi. Mwalimu amtembelee fundi kwanza, akae naye kazini, amuulize anahesabuje na hukosea wapi, kisha wapange pamoja maswali ya darasa. Majina ya fundi ya vipimo na nakshi yaandikwe ubaoni kama anavyoyatamka. Na kwa kuwa siku anayokuja shuleni ni siku asiyouza mikeka wala samaki, shule imlipe.