Daraja lipo, GPS hailioni: Hivi ndivyo unavyosasisha ramani yako

Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi mkoani Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa pantoni. Sasa chukua kifaa cha GPS chenye ramani ya mwaka 2020, ukiulize njia ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema. Bado kitakupeleka kwenye pantoni. Na ukipita darajani, kitakuonyesha unaelea ndani ya Ziwa Victoria.

Kifaa hakijaharibika. Kilichozeeka ni ramani.

GPS na ramani ni vitu viwili

Wengi wetu tunavichanganya. GPS ni mfumo wa setelaiti za Marekani zinazozunguka kama kilomita 20,200 juu ya dunia. Kazi yake ni kukusaidia kujua ulipo, basi. Setelaiti haijui barabara, haijui daraja, wala haijui kwamba njia imefungwa.

Barabara zimo kwenye ramani iliyohifadhiwa ndani ya simu au kifaa chako. Ndiyo maana GPS inafanya kazi hata kama huna bando. Lakini ramani hiyo inabaki vilevile mpaka iletwe mpya.

Kwa nini usipuuze

Mara nyingi hasara yake ni mafuta na muda. Jijini Nairobi, Expressway iliyoanza kutumika 2022 ina sehemu zinazopita juu ya barabara ya zamani. Ramani isiyoijua inaweza kukuambia ukate kona ukiwa huko juu, mahali ambapo hakuna pa kutokea.

Wakati mwingine hasara ni maisha. Septemba 2022, huko Hickory, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mwanamume mmoja alifariki usiku baada ya gari lake kutumbukia kwenye daraja lililobomoka tangu 2013. Mwaka 2023 familia yake iliishtaki Google. Ilidai alikuwa anafuata maelekezo ya Google Maps, na kwamba watu walikuwa wameshatoa taarifa kuhusu daraja hilo kabla ya ajali.

Kwenye simu

Ukiwa na intaneti, Google Maps huleta ramani ya sasa yenyewe. Shida ipo kwenye ramani ulizopakua ili utumie bila bando. Hizo zina tarehe ya mwisho. Zikibakiza siku 15 au pungufu, programu hujaribu kuzisasisha ukiwa kwenye Wi-Fi. Kama wewe hutumia bando la simu tu, huenda zikaisha muda bila wewe kujua.

Fanya hivi:

1. Fungua Google Maps, gusa picha yako ya wasifu.
2. Ingia kwenye ramani za nje ya mtandao.
3. Gusa eneo ulilopakua, kisha sasisha.

Kwa Organic Maps na OsmAnd, ingia sehemu ya kupakua ramani, tafuta nchi au mkoa wako, na uangalie kama kuna toleo jipya. Hakikisha simu ina nafasi ya kutosha kabla ya kuanza.

Kwenye kifaa cha GPS cha gari

Kwa Garmin, weka programu ya Garmin Express kwenye kompyuta, kisha unganisha kifaa kwa waya wa USB. Baadhi ya modeli zenye Wi-Fi hujisasisha zenyewe bila kompyuta. Kwa TomTom za kuunganisha na kompyuta, programu yake ni MyDrive Connect.

Mambo matatu ya kuzingatia: faili la ramani ni kubwa, kwa hiyo tafuta intaneti isiyokatika. Usichomoe waya kabla kazi haijaisha. Na ukisasisha ramani, sasisha pia programu ya kifaa chenyewe.

Hilo la mwisho lina sababu. GPS huhesabu muda kwa wiki, na katika mfumo wake wa zamani hesabu hiyo hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo havikusasishwa vilianza kuonyesha tarehe za miaka ya nyuma.

Gari limetoka Japani?

Hapa wengi wanapoteza hela. Skrini nyingi za magari yaliyotumika Japani zina ramani ya Japani peke yake, na maandishi ya Kijapani. Kuapdeti hakutaleta Dodoma wala Kisumu, kwa sababu mara nyingi ramani ya huku haikutengenezwa kwa skrini hiyo. Kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe kwanza ramani ya nchi yako ikifanya kazi. Kwa wengi, simu kwenye kishikio inatosha.

Ramani hurekebishwa na watu

Mtaa wako haupo, au njia iliyofungwa bado inaonekana wazi? Toa taarifa. Google Maps ina sehemu ya kupendekeza marekebisho. OsmAnd na Organic Maps hutumia OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri. Jijini Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walichora mitaa na mifereji ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko, ikiwemo Tandale.

Kumbuka tu: barabara ikishachorwa, haiingii kwenye simu yako mpaka upakue toleo jipya.

Kabla ya safari

Angalia tarehe ya ramani yako nyumbani, siku moja kabla, ukiwa na intaneti. Njiani, kibao cha barabarani kikisema njia imefungwa na simu ikasema nyooka, fuata kibao. Usiku wa mvua, kama huoni mbele, simama kwanza. Muulize mwenyeji au dereva wa boda. Yeye amepita hapo leo, ramani yako pengine mwaka jana.