Erika, mmea unaonasa ukungu Kilimanjaro

Erika (Erica excelsa) ni mmea wa jamii ya Ericaceae, wenye majani membamba kama sindano na maua madogo mno. Katika Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, huota kwenye mwinuko wa takriban mita 3,000, juu ya msitu mkubwa. Usipoguswa na moto hurefuka ukawa mti. Ukiungua mara kwa mara hubaki kichaka, na mwishowe hutoweka. Hasara yake ni ya maji hasa, kwani ukungu unaonaswa na majani hayo hudondoka ardhini na kulisha vijito vinavyoteremkia Mto Pangani. Mwezi Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda mlima kuuzima moto uliodumu zaidi ya juma moja katika ukanda huo.